Ndoo kutulia baada ya siku mbili

Ndugu, unauliza kwa nini ndoo yako ya bia hapo Mabatini, Mwanza, imemaliza kutoa povu siku mbili tu, na mwenzako wa Arusha anangoja wiki nzima kwa hamira ileile. Ni joto. Hamira nyingi za bia ya kawaida zinapenda nyuzi 18 hadi 22. Mchana Mwanza unacheza na 28, na chumba chako cha bati kimeegemea jiwe ambalo hata saa nne usiku bado lina joto. Halafu hamira ikianza kula sukari inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kunazidi hewa ya chumbani kwa nyuzi kadhaa.

Kwenda haraka si kosa, kosa ni ladha. Ikichachuka kwenye joto hivyo unapata harufu ya ndizi mbivu, na ikizidi, ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, na inachoma kooni.

Mimi ndoo naiweka ndani ya beseni la maji, naivalisha fulana kuukuu iliyolowa, upepo wa ziwani unamaliza kazi, kama mtungi tu. Siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda. Baada ya hapo hata ukilegeza hakuna shida kubwa.

Ukichoka na beseni, tafuta hamira ya Norway inayoitwa kveik. Hiyo hata nyuzi 35 inafanya kazi bila kuharibu ladha, ila kwetu kuipata ni mpaka uagize.

Na usifungashe kwenye chupa kwa sababu povu limeisha! Onja kwanza. Kama bado kuna utamu, ngoja, la sivyo itaendelea kutoa gesi ndani na chupa zinapasuka.