Mbwa gani atamfaa mzazi asiyetulia nyumbani?

Kila nikigusia habari za wazee na mbwa, maswali huja yaleyale. Mzazi bado ana nguvu, anatembea kuliko watoto wake, anataka mbwa wa kumsindikiza, na familia nzima haielewani mbwa gani. Leo nimechagua maswali sita.

Mama ana miaka 71 na kila asubuhi anatembea kilomita tano. Anataka Labrador kwa kuwa ni mpole. Kaka yangu anasema mbwa mkubwa atamwangusha. Nimsikilize nani?

Msikilize kaka yako kwanza, halafu urudi kwa mama. Labrador ni mpole kweli, na kilomita tano kwake ni za kunyoosha misuli tu. Ila tatizo haliko kwenye miguu ya mama, liko kwenye mkono ulioshika kamba. Dume aliyekomaa ana kilo 29 hadi 36, na akiona paka ng'ambo ya barabara haombi ruhusa. Anachomoka, kamba inakaza, na mwenye kuishika yuko chini kabla hajajua kilichotokea.

Si maneno ya kutishana. Mwaka 2019 jarida la madaktari wa upasuaji la Marekani, JAMA Surgery, lilichapisha makadirio yaliyotokana na kumbukumbu za vyumba vya dharura: kati ya 2004 na 2017, watu wa miaka 65 na zaidi waliovunjika mifupa wakitembeza mbwa kwa kamba waliongezeka zaidi ya maradufu. Zaidi ya robo tatu walikuwa wanawake, na mfupa ulioongoza kuvunjika ni wa nyonga.

Mimi haya niliyaona nyumbani. Baba alikuwa na mazoea ya kuizungusha kamba mara mbili kwenye ngumi, "asinitoroke huyu." Siku mbwa wetu wa kilo thelathini na kitu alipomwona paka, baba hakuanguka, lakini kidole cha kati kilivimba wiki tatu na mpaka leo hakikunji sawasawa. Kamba hushikwa kiganjani ili iweze kuachiwa, haizungushwi mkononi wala kiunoni. Na zile kamba zinazojirefusha na kujivuta zenyewe msimpe kabisa: zinampa mbwa mita kadhaa za kuchanganya mwendo kabla ya kumvuta mtu.

Kama moyo wa mama umeshakwenda kwa Labrador, tafuteni jike, mtu mzima wa miaka minne au mitano, aliyekwisha kufundishwa kutembea kamba ikiwa imelegea, na mnunulieni mkanda wa mwilini wenye pete ya kufungia kamba mbele kifuani. Huo ukivutwa unamgeuza mbwa pembeni, hivyo nguvu zake zinakatika. Halafu mpeni mama kamba, si wewe wala kaka. Atembee naye nusu saa, wapishane na mbwa mwingine, wapite penye watoto wanaocheza mpira. Hapo mtajua zaidi kuliko kusoma sifa za aina ishirini za mbwa.

Akiridhia mdogo kidogo, ningeanza na Whippet. Ana kilo 11 hadi 18, ni mkimbiaji anayefukuza upepo dakika kumi halafu analala mchana kutwa, habweki ovyo, na mwendo wa mama anauweza bila kuhema. Tahadhari ni mbili: ana ngozi nyembamba na nywele fupi, kwa hiyo baridi humtesa, na kiumbe chochote kidogo kinachokimbia kwake ni windo, basi asifunguliwe kamba mahali pasipo uzio.

Baba amestaafu, ana miaka 66, anakimbia mbio ndefu. Amesoma kwamba Border Collie ndiye mbwa mwenye akili kuliko wote na sasa hasikii la mtu. Tumwache?

Mwulizeni swali moja: mbwa atafanya kazi gani kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni? Border Collie alizalishwa achunge kondoo siku nzima kwa kusikiliza mluzi. Kukimbia naye kunamchosha miguu, kichwa kinabaki na njaa. Asipopewa kazi atajitafutia mwenyewe: atachunga wajukuu kwa kuwagonga visigino, atafukuza baiskeli, atazunguka ua hadi achimbe njia kwenye nyasi.

Lakini wapo wastaafu ambao ndicho wanachokitafuta. Kama baba yuko tayari kumfundisha kila siku, kumfichia vitu avitafute, kumpeleka kwenye mazoezi ya kuruka vikwazo, atakuwa amepata mwenzi wa ajabu. Kama alichotaka ni mwenza wa kukimbia tu, aangalie kwingine. Mbwa mwenye akili nyingi ni kazi zaidi, si kazi pungufu, na wengi huligundua hilo wakiwa wameshachelewa.

Tunataka kumshtukiza mama na mtoto wa mbwa siku ya kuzaliwa kwake, anatimiza 70. Tuchague dume au jike?

Chagueni zawadi nyingine.

Sisemi asipewe mbwa, nasema asishtukizwe naye, tena asiwe mchanga. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anatakiwa kutolewa nje kujisaidia kama kila baada ya saa mbili, usiku ukiwemo. Meno yake ya utotoni ni sindano tupu, na mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hutoka damu kwa mkwaruzo wa mchezo tu. Anajipitisha katikati ya miguu ngazini. Na lile la kuchekesha: mnamnunulia mama anayependa kutembea, kumbe mbwa mwenyewe haruhusiwi matembezi marefu mpaka mifupa ikomae, ambako ni karibu mwaka mzima, na kwa aina kubwa hata zaidi.

Kuna jingine ambalo watu hawaliwazii. Mtoto wa mbwa hutafuna kila kinachodondoka, na nyumba ya mzee ina vidonge. Kimoja cha ibuprofeni kilichoponyoka mezani kinatosha kumdhuru mbwa mdogo, parasetamoli nayo si ya kuchezea. Kisanduku cha dawa cha plastiki kwake ni mfupa wa kuguguna. Hata kwa mbwa mzima, dawa ziwekwe juu na ndani ya kabati lenye mlango.

Mpelekeni mama mwenyewe kwenye kituo cha mbwa waliookolewa, akae nao, achague. Mbwa wa miaka mitatu hadi sita tabia yake imeshaonekana: unajua kama anavuta kamba, kama anaogopa radi, kama anawapenda watoto. Na msimdharau chotara. Mbwa wengi bora wa wazee niliowaona hakuna aliyejua baba yao ni nani.

Baba ana mzio wa manyoya. Ni kweli Poodle hana shida hiyo?

Ana shida ndogo, si kwamba hana. Kinachosababisha mzio si nywele zenyewe, ni protini zilizomo kwenye mate, mkojo na mba wa ngozi ya mbwa, na kila mbwa anazo. Poodle hapukutishi sana, hivyo wengine huvumilia vizuri, wengine hupiga chafya vilevile. Baba akae na mbwa huyohuyo anayemtaka, saa nzima, siku tatu au nne tofauti, kabla hajamchukua. Kama ana pumu, daktari wake aulizwe kwanza.

Zaidi ya hapo Poodle yule mdogo, Miniature, ni chaguo zuri sana kwa mzee mtembezi, na wengi humkwepa kwa sababu ya zile nywele za maonyesho. Babu zake walikuwa wa kuwaokota bata majini. Kilo tano hadi saba, mwepesi kufundishika, anapanda mlima. Gharama yake ni kinyozi: kila wiki nne hadi sita lazima akatwe, la sivyo nywele zinasokotana na kumvuta ngozi.

Dada yangu anashauri Pug kwa mama yetu kwa kuwa ni mdogo na hana fujo. Mama anapenda kutembea milimani.

Hapana. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na pua ya Pug, fupi na iliyobanwa usoni, haipitishi hewa ya kutosha. Mlima na jua vinaweza kumuua. Hali ni hiyohiyo kwa Bulldog wa Ufaransa. Na Dachshund, kabla hamjaniuliza, ana miguu ya kutosha lakini mgongo wake mrefu hupata matatizo ya diski. Ngazi na mawe ya kurukia si mahali pake.

Baba ana miaka 76, mzima wa afya, ndiyo kwanza mbwa wake wa zamani amekufa. Anataka mwingine, lakini hathubutu. Anasema, "Nani atabaki naye?"

Hesabu yake haina kosa. Mbwa mdogo hufika miaka 14 au 15, kwa hiyo akianza na mchanga atakuwa anakimbizana naye akiwa na 90. Jibu ni kuanza na mbwa wa miaka minane au tisa. Mbwa mdogo wa umri huo bado anatembea saa nzima, ameshaacha utundu, na wenye kuwachukua ni wachache, kwa hiyo atampata kwa urahisi. Apimwe kwanza moyo, meno na viungo ili baba ajue anachokipokea. Akimpenda Cavalier King Charles, moyo ndio wa kuangalia zaidi, maana vali zao huharibika mapema.

Halafu mmoja wenu, si "sisi sote", aseme kwamba mbwa ni wake siku baba asipoweza. Aseme mbele ya baba, na jina lake liandikwe kwenye kadi ya chanjo chini ya la baba. Na mbwa alale kwa mtu huyo siku mbili tatu kila baada ya miezi michache, ajue mlango unakofunguliwa na bakuli la maji linapokaa. Mbwa anayeijua nyumba ya pili hababaiki, hata ikiwa ni kwa sababu ya baba kwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kurudi kesho yake.