Chaji ya simu shambani: jua lijaze pawabenki, pawabenki ijaze simu

Kuanzia mwezi wa 9 watu wa huku kwetu wanahamia mashambani. Tandahimba, Newala, Masasi, hadi Nachingwea na Liwale, korosho zikianza kudondoka hakuna wa kubaki nyumbani: kuna kuokota, kutenganisha na mabibo, kuanika, kulinda. Na ni miezi hiyo hiyo ambayo simu inahitajika kuliko mwaka mzima. Bei ya mnada unaisikia kwa simu. Malipo yakiingia benki, ujumbe unakuja kwenye simu. Mtoto akiumwa kijijini, utapigiwa simu. Inaniuma kuona mkulima anatembea jua la saa nane kwenda kuulizia kitu ambacho ujumbe wake ulishafika, ila simu ilizima tangu juzi.

Nimekaa shambani misimu mingi, na ushauri wangu unaanzia hapa: usichaji simu moja kwa moja kwenye sola. Mchana jua lijaze pawabenki, yaani ile betri ya kubeba ya kujazia simu. Usiku pawabenki ijaze simu. Wingu likipita, umeme wa paneli unashuka na kupanda, na simu nyingi hapo zinaacha kuchaji au zinachaji kwa kudonoa. Tena simu ikiwa kwenye paneli mchana huwezi kwenda nayo kazini, na ikiachwa juani inapata joto linaloua betri. Pawabenki haina haraka. Itapokea kidogo kidogo kutwa nzima wakati wewe unaokota.

Sasa, ipi ya kununua? Nawasihi sana: achaneni na pawabenki zenye kipaneli kidogo mgongoni. Kipaneli cha ukubwa ule hutoa wati 1 hivi jua likiwa kali. Kuijaza pawabenki ya kawaida kwa kipaneli hicho kunachukua zaidi ya wiki, na siku zote hizo betri iliyo nyuma yake inaungua kwa jua. Nunua vitu viwili tofauti: paneli ya kukunja yenye tundu la USB, na pawabenki peke yake.

Hesabu yake si ngumu. Pawabenki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ina takriban wati-saa 37, na kwenye kibandiko zinaandikwa Wh. Simu janja yenye betri ya mAh 5,000 inataka karibu wati-saa 19. Ungetegemea ijae mara mbili, lakini umeme ukitoka betri moja kwenda nyingine sehemu yake inageuka joto, kwa hiyo utapata kama mara moja na nusu. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, chenye betri ya mAh 1,000 kinataka chini ya wati-saa 4 tu. Pawabenki hiyo hiyo itakijaza mara 6 au 7. Ndiyo maana namshauri kila mtu mwenye kitochi kabatini aende nacho shambani, laini ya benki na ya pesa iwe humo, na simu janja iwashwe jioni tu.

Upande wa paneli, ile ya wati 10 haikupi wati 10. Jua likiwa zuri hesabu 6 au 7, kwa saa kama 5 za katikati ya siku. Inakaribia kujaza pawabenki ya mAh 10,000, lakini haifiki. Ukiweza, chukua ya wati 20, ili hata siku ya mawingu upate kitu. Kama unayo paneli kubwa ya nyumbani, ile ya mfumo wa volti 12, ipitie kwenye kontrola, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa sola, yenye tundu la USB. Usichune waya ukaupeleka moja kwa moja kwenye simu: paneli hizo hutoa volti 18 na zaidi, simu inataka 5.

Dukani kuwe na macho. Pawabenki iliyoandikwa 50,000 halafu nyepesi kama simu ni uongo. Betri za ndani zina uzito wake, na uwezo huo hauingii chini ya nusu kilo. Tafuta kwenye kibandiko ile mAh inayotolewa kwa volti 5; kampuni inayoiandika angalau haikufichi.

Paneli iwekwe wapi? Mimi naiweka kwenye uwanja wa kuanikia korosho. Pale pana jua kutwa, na mlinzi yupo. Mkorosho una kivuli kizito, na tawi dogo likigusa kona moja ya paneli umeme unashuka sana kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu vipande vya paneli vimeungwa kwa mfululizo. Pawabenki yenyewe ikae kivulini, kwa waya mnene wa mita moja hivi. Waya mrefu mwembamba unapoteza umeme njiani.

Karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa huku Mtwara, kwa hiyo msimu wa korosho paneli ilale tu chali. Miezi ya kupuliza mikorosho dawa, Juni hadi Agosti, jua limeegemea kaskazini, basi paneli iinuliwe kidogo iangalie huko. Huna dira? Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mtwara. Ielekeze kibla.

Na nikitaja kupuliza: salfa ya unga ni adui wa simu. Inaingia kwenye tundu la chaji na kula shaba. Siku ya kupuliza, simu na pawabenki ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuiweka tena juani. Wenzetu wa pwani, Msimbati, Mikindani, Kilwa, chumvi inawafanyia hivyo hivyo. Tundu likiwa na unyevu usichomeke kitu mpaka likauke.

Shamba likiwa bondeni, mtandao dhaifu unakula chaji kuliko mazungumzo. Simu inaongeza nguvu kuutafuta mnara, usiku kucha. Ingia kwenye mipangilio uiweke 2G: kupiga, ujumbe na menyu za pesa zinafanya kazi vizuri. Pasipo mtandao kabisa, washa hali ya ndegeni, uizime ukifika kilimani.

Wanaotegemea kibanda cha kuchajia simu kijijini nawaambia jambo moja: acheni pale pawabenki, si simu. Simu ina laini, ina pesa, ina namba za watu wako. Pawabenki ikikaa kutwa kibandani hujakosa ujumbe hata mmoja. Hata bodaboda anaweza kuichukua akaileta jioni imejaa.

Tafadhali sana, kibanda cha makuti kinawaka haraka. Usichajie kitandani wala chini ya mto. Weka kwenye udongo mtupu, mbali na nyasi. Pawabenki ikivimba, kazi yake imekwisha. Usiitoboe, usiichaji, usiwaachie watoto waichezee.

Mvua za masika zina hesabu yake. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Kilwa, na kila mtu alitaka kujua ndugu yake yuko salama. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kabla, basi siku ileile ukiisikia jaza kila kitu, hata kama umeme wa nyumbani upo. Msimu ukiisha, usiitupe pawabenki chini ya bati ikiwa tupu. Iache nusu, mahali pa baridi pasipo unyevu, na kila baada ya miezi mitatu hivi iongezee kidogo.