Kabla hujanunua darubini kubwa: kwa wanaoanza kupiga picha za galaksi Mbeya

Kila anayeanza huniuliza anunue darubini ya inchi ngapi. Mimi humuuliza stendi yake inabeba kilo ngapi.

Anza na M83, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 15. Juni, mnamo saa 3 usiku, huwa karibu nyuzi 70 juu angani kwetu. London haifiki hata nyuzi 10. Darubini ya milimita 80 inatosha kuonyesha mikono yake iliyojisokota. Ila mwanga wake ni hafifu, hivyo kamera huachwa wazi dakika nzima au zaidi huku dunia ikizunguka. Stendi isipoufuata mzunguko huo sawasawa, nyota zitarefuka kama punje za mchele.

Hapo ndipo penye kazi. Mhimili wa stendi unatakiwa uelekee ncha ya kusini ya anga, yaani mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka, nayo kwa Mbeya iko nyuzi 9 tu juu ya upeo wa macho. Mara nyingi imezibwa na kilima au paa la jirani. Video za mafunzo za watu wa kaskazini wanaolenga Nyota ya Kaskazini hazitakusaidia. Chagua nyota iliyo karibu na utosi wa anga, itazame kwa lenzi yenye ukuzaji mkubwa, uone inahamia kaskazini au kusini. Sogeza stendi kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka nyota itulie. Kisha rudia kwa nyota ya chini upande wa mashariki, safari hii ukipandisha au kushusha mhimili. Stendi nyingine haziteremki mpaka nyuzi 9. Fupisha mguu wa kusini, na uhakikishe haitapinduka.

Piga picha nyingi, uzirundike kwa programu ziwe picha moja. Picha 4 hupunguza chenga kwa nusu, 16 hadi robo. Ukitaka mikono ionekane vizuri, kusanya picha za saa kadhaa. Usiku wenye mbalamwezi lala tu.

Baridi ya Juni utaivumilia kwa koti, lakini umande hutua kwenye lenzi kimya kimya. Ikague kila nusu saa, uikaushe kwa drai ya nywele, kwa mbali. Kuifuta kwa kitambaa, hapana!

Oktoba hamia NGC 253, galaksi nyingine. Moshi wa mashamba yanayochomwa ukitanda, ngoja mvua ya kwanza iusafishe, kisha wahi kabla mawingu ya msimu wa mvua hayajafunga anga.