Kuzima swichi wakati wa radi
Ndugu, umeuliza kama kuzima swichi ya ukutani kunatosha kulinda vyombo vya umeme wakati wa radi. Hapana, hakutoshi, chomoa plagi kabisa. Pengo ndani ya swichi ni milimita chache tu, na radi iliyokwisha kuvuka kilomita za hewa haizuiwi na hilo. Mimi ni fundi hapa Jinja. Televisheni nyingi ninazoletewa baada ya mvua za Aprili, mwenyewe huapa kwamba alikuwa "amezima". Waya wa antena nao uchomoe, watu huusahau na mlingoti uko juu ya bati! Ila fanya hivyo mawingu yakiwa bado mbali. Ngurumo zikishakaribia, bora vyombo viungue kuliko kushika waya. Friji, umeme ukirudi, ingoje dakika tano hivi kabla hujaichomeka.