Mbao za tabaka jikoni: mkuu wa Moshi, soma hii kabla hujalipa

Mkuu, umeuliza kama sakafu ya mbao za tabaka inafaa jikoni kwako Moshi, chumba cha mita 4 kwa 3.5, na muuzaji kakuambia "haziingii maji kabisa". Zinafaa, ila hilo la maji si kweli. Juu ni mbao halisi ya milimita 2 hadi 6, chini yake ni plaiwudi ambayo tabaka zake zimepishana. Kupishana huko kunazuia ubao usicheze sana hali ya hewa ikibadilika, hakuzuii maji kuzama kwenye maungio. Isiyoingiza maji ni ile SPC, plastiki iliyochanganywa na unga wa chokaa halafu ikabandikwa picha ya mbao. Ukiulizia moja unaweza kupewa nyingine, bei ya juu vilevile.

Dukani usianze na rangi. Omba kipande kilichokatwa, tazama ubavu wake. Ukiona mistari ya plaiwudi na juu yake mbao nzima, ndiyo yenyewe. Ukiona unga wa kahawia ulioshindiliwa, kwa jikoni achana nao. Ukitaka uhakika, pima unene wa kipande, kiloweke usiku mzima, kisha pima tena: cha unga ulioshindiliwa huvimba kingo na hata kikikauka hakirudi.

Chukua unene wa jumla milimita 14 au 15, tabaka la juu lisipungue 3. La 3 unaweza kulipiga msasa baadaye, mara moja, ukiwa na fundi makini mara mbili. Chini ya hapo mkwaruzo ukizama ni kung'oa ubao. Na usidanganyike na "huu ni mtiki, mchwa hawali": mtiki ni hizo milimita 3 tu, inayoliwa ni plaiwudi ya chini. Dawa ya mchwa inapigwa kwenye udongo kabla ya kumwaga zege.

Unyevu wa zege ndio unaoua sakafu hizi kuliko maji ya sinki. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo zege la sentimita 10 lipe miezi minne, na kama masika ya Machi hadi Mei yameingia katikati, ongeza. Kisha jaribu: kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwa selotepu pande zote nne, iache saa 24. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, bado. Baada ya hapo laza rula ya aluminiamu ya mita 2 sakafuni. Uwazi chini yake usizidi milimita 3. Vilima visagwe, mashimo yajazwe, la sivyo ubao unabonyea ukikanyaga na maungio yanakatika.

Jikoni mimi ni wa gundi, si wa kuelea juu ya sponji, yaani mbao zilizoshikana zenyewe bila kugundishwa kwenye zege. Sakafu inayoelea ikikandamizwa na makabati au kaunta ya katikati haiwezi kutanuka, inajikunja. Gundi iwe ya poliyurethani, kama kilo 1 kwa mita ya mraba, isambazwe kwa mwiko wa meno. Ile gundi nyeupe ya maji inapinda mbao kabla hujamaliza chumba. Makabati yakae kwenye zege kwa miguu yao, mbao ziingie chini sentimita 10 tu. Kwako, makabati ya kina cha sentimita 60 yakifuata ukuta wa mita 4, zinabaki mita za mraba 12. Ongeza asilimia 10 ya kukata, 13.2. Boksi likiwa na 1.8, nunua 8. Maboksi yakae chumba hichohicho siku mbili tatu kabla ya kazi.

Pembeni mwote acha uwazi wa milimita 10 hadi 12 kati ya mbao na ukuta. Hapa ndipo fundi wa marumaru anapoharibu, maana mkono wake umezoea kuziba kila uwazi kwa saruji. Mvua zikija mbao zinatanuka, hazina pa kwenda, zinanyanyuka katikati. Uwazi ufunikwe na sketing iliyopigiliwa ukutani, si kwenye mbao. Kwenye bomba la sinki, jaza silikoni.

Baadaye, kingo za ubao zikinyanyuka kuliko katikati, unyevu unatoka chini. Maungio yakiwa meusi, maji yanatoka juu, na mara nyingi ni deki. Dekio likamuliwe hadi lisidondoshe, bila klorini. Kama nyumbani kwako deki ni kumwaga ndoo na kusukuma kwa fagio, weka marumaru na mbao zibaki sebuleni, sikutanii.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 usiburuzwe, ule mzingo wa chuma unachimba vanishi hadi mbao. Uweke juu ya mpira. Jiko la mkaa libaki nje. Mlango wa nyuma uwe na zulia la miguu, vumbi letu lina mchanga unaokwaruza.

Mbao zitakazobaki zilaze bapa chumba kikavu, usizisimamishe ukutani, zitapinda na siku ya kubadilisha ubao mmoja hazitaingia.