Spika Inayokatika na Kurudi: Shikeni Mita Kabla ya Kwenda Luthuli

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki mlangoni mwa karakana, hapa Nairobi karibu na Barabara ya Kirinyaga, nikimtazama kijana wetu mmoja akipokea gari ambalo spika yake moja ilikuwa ikikatika na kurudi. Mteja hajamaliza hata kueleza, kijana alikuwa ameshang'oa kifuniko cha mlango, ameichomoa spika na kutoa hukumu: "Hii imekufa, twende Luthuli," yaani barabara yenye maduka ya spika. Mita ya kupimia umeme ilikuwa mfukoni mwake. Nilinyamaza kwa kuwa mteja alikuwapo, lakini hukumu hiyo niliwahi kuitoa mimi mwenyewe, nami nililipa kwa fedha na kwa aibu. Kwa hiyo, wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Spika iliyokufa haifufuki. Ikilia, ikanyamaza, kisha ikalia tena, kuna mahali ambapo waya unagusa na kuachia, na kazi yenu ni kupatafuta mahali hapo. Mara chache huwa ni ndani ya spika yenyewe, katika zile nyuzi laini zinazoingia kwenye koni. Fungeni mita kwenye ncha zake, mbonyeze koni polepole kwa vidole: spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huonyesha kati ya 3 na 4, na namba ikiruka kila mnapobonyeza, hapo ndipo mseme ni mbovu.

2. Kabla ya kufungua chochote, ulizeni ni spika ngapi zinazokatika. Zikiwa zote kwa pamoja, anzeni na umeme wa redio au wa amplifaya, yaani kikuza sauti. Ikiwa ni moja, badilishanisheni waya za spika za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia upande wa pili, ubovu uko kwenye amplifaya au kabla yake, upande wa redio; ukibaki palepale, uko kwenye waya au kwenye spika.

3. Milango. Hapa sina budi kuungama.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, alinijia mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka Githurai kila asubuhi, akalalamika kwamba spika ya mlango wa dereva hunyamaza akiwa njiani. Nilifungua mlango, nikakaa kiti cha dereva mguu mmoja ukiwa nje, kama mafundi wote tunavyokaa, nikawasha redio. Spika ililia vizuri kabisa. Nikamwambia gari halina neno. Baada ya siku mbili akarudi, nami, kwa kuwa sikutaka kuonekana sijui, nikamwambia spika imechoka. Tukanunua jozi mpya kwa fedha zake, nikazifunga, nikazijaribu nikiwa nimekaa vilevile, mguu nje, mlango wazi, zikalia hadi jirani wa kuuza taa akanisifu. Aliporudi mara ya tatu nililaumu redio. Nikamuuzia nyingine, na ile ya zamani nikamtafutia mnunuzi siku hiyohiyo, nikijiona mtu wa maarifa.

Mara ya nne alikuja mvua ikinyesha. Nilikaa kwenye kiti kilekile, lakini kwa sababu ya mvua niliufunga mlango, na spika ikanyamaza. Nikaufungua, ikalia. Nikaufunga tena, kimya. Nilirudia labda mara kumi, si kwa ajili ya uchunguzi, bali kwa sababu sikujua nitamwambia nini mama wa watu aliyekuwa amekaa kando yangu akisikiliza taarifa ya habari ikija vipande vipande. Ule mpira unaopitisha waya kutoka mwilini mwa gari kuingia mlangoni, karibu na bawaba, ulikuwa mzima kwa nje. Nilipouvuta nikakuta waya mmoja ambao plastiki yake haikuwa na dosari, ilhali shaba ya ndani ilikuwa imekatika kwa kukunjwa miaka yote mlango unapofunguliwa na kufungwa. Mlango ukiwa wazi, waya ulinyooka na ncha zikagusana, ukifungwa, zikaachana. Nilihitaji kipande kifupi cha waya laini wenye nyuzi nyingi, lehemu kidogo, na akili ya kuweka maungio nje ya sehemu inayokunjwa. Haikufika nusu saa.

Mwalimu aliuliza kwa upole sana, "Kwa hivyo, fundi, redio yangu ya zamani haikuwa na shida?" Nilimrudishia fedha zake kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Tangu siku hiyo sijaribu spika mlango ukiwa wazi, wala gari likiwa limezimwa, ikiwa mteja amesema hukatika akiendesha.

4. Nyuma ya redio. Redio nyingi za magari yanayotoka Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 au 95 tu, ilhali stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo, ndiyo maana wengi huzibadilisha wakifika hapa, na aliyewatangulia kwa kawaida alisokota waya na kuzifunga tepu. Jua la Nairobi huyeyusha gundi ya tepu, waya zikalegea. Pigeni lehemu. Na msiunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari, kwa maana redio nyingi za sasa zina umeme kwenye waya zote mbili na mtaiunguza.

5. Muziki wote ukikatika sauti inapopandishwa, na taa nyekundu ya amplifaya ikawaka, kwangueni rangi pale mlipofunga athi, yaani waya wa hasi unaoshika bodi ya gari, hadi chuma kionekane. Kisha pimeni volti kwenye amplifaya yenyewe besi ikipiga: ikiwa betri iko 13 na amplifaya iko 10, waya wenu ni mwembamba au fyuzi imelegea. Hesabuni pia omu, kwani spika mbili za 4 zikiungwa sambamba huwa 2, na si kila amplifaya huvumilia hilo.

6. Matatu kubwa zenye volti 24: acheni kuiba volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo huisha, mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na kondakta huja kuwauliza kwa nini muziki unazimika kila wimbo unapokolea. Fungeni kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, hata mwenye gari akinung'unikia bei.

7. Klipu za vifuniko vya milango zirudishwe zote. Jumamosi niliokota saba sakafuni, na yule mteja alikuwa ameshaondoka.