Mdogo wako anapigwa na hana usingizi
Pole sana, dada. Umesema mdogo wako wa Mbagala, mwenye mtoto wa miezi 3, anapigwa na mumewe, halali hata mtoto akilala, na anasema bora afe. Huo si uvivu wala mapepo, ni dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali), na kipigo huichochea. Kauli ya kufa haisubiri: mpeleke hospitali leo, asiachwe peke yake. Akiwa na majeraha, atibiwe; PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ichukuliwe polisi, dawati la jinsia, daktari aijaze. Kama alilazimishwa tendo, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72. Kadi ya kliniki, kitambulisho na nauli vikae kwako. Usimtumie ujumbe huu. Huenda simu yake inapekuliwa.